Akiba huoza: jinsi tunavyolisha nyumba ya watu sita kwa mahindi na maharage ya mwezi wa saba

MLETA UZI

Habari zenu, ndugu zangu. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba yangu ya kwanza ilioza. Mwaka 2019 nilinunua magunia matatu ya mahindi mwezi wa saba, nikayapanga kwenye kona ya chumba cha uani, nikaona nimemaliza kazi. Mwezi wa kumi na moja nilipofungua gunia la chini, mkono uliingia ukakuta joto. Mahindi yalikuwa yameshikana mabonge, yana ukungu wa kijani na kijivu, na harufu yake ilikuwa ya nguo iliyosahaulika ndani ya beseni. Magunia mawili ya juu hayakuwa na ukungu, ila nilipoyatikisa yalitoa unga hata kabla ya kufika mashineni.

Mimi ni fundi cherehani hapa Dodoma, mume wangu anaendesha bodaboda, na tuna watoto wanne, mkubwa yuko sekondari na mdogo ana miaka mitatu. Fedha zetu haziji kwa mwezi kama za mtumishi. Desemba na Januari napata kazi za sikukuu na sare za shule, kisha kuanzia Februari cherehani huweza kukaa kimya wiki nzima, na ndicho kipindi ambacho mahindi huwa ghali, kwa sababu ya mwaka uliopita yamekwisha na mapya bado yako shambani. Asiye na akiba wakati huo hununua unga kwa kilo au kwa kibaba, na anayenunua kwa kibaba, ndiye mwenye fedha kidogo kuliko wote, hulipa bei kubwa kuliko wote.

Wengi tukizungumza juu ya kuhifadhi chakula humlaumu dumuzi. Ana haki ya kulaumiwa, kwani mdudu huyu asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, alithibitishwa mkoani Tabora mwaka 1981, na huko alipachikwa jina la Scania, kama lile lori kubwa. Hata hivyo, baada ya miaka kadhaa ya kupima na kuandika, nasema kwamba kilichokula zaidi ghala langu ni mkono wa mpishi, yaani mkono wangu mwenyewe. Nitaeleza, lakini nianze na ununuzi.

Hesabu ya nyumba yetu ni kilo mbili za mahindi kwa siku tunapokula ugali, uji wa watoto ukiwemo. Siku mbili kwa wiki hatuli mahindi kabisa, tunakula wali, mihogo au viazi vitamu. Kwa hiyo wiki moja hutumia kilo 10, na magunia matano ya kilo mia mia yanatufikisha wiki 50. Maharage tunapika siku nne kwa wiki, nusu kilo kila siku, nayo ni kama gunia moja kwa mwaka. Kila nyumba ina hesabu yake. Hesabu yangu niliipata kwa kupima kila kilichoingia sufuriani kwa wiki mbili mfululizo, na ilinishangaza, kwa sababu nilikuwa nikidhani tunakula kilo moja na nusu.

Fedha za kununua kwa mkupuo zinatoka kwenye upatu wa mafundi wenzangu. Niliomba zamu yangu iwe mwezi wa saba, na kila mwaka ninaishikilia zamu hiyo kama hati ya kiwanja. Siku hiyo tunakwenda Kibaigwa, kwenye soko la nafaka lililoko barabara ya Morogoro. Nashauri mnunuzi asihesabu kwa debe bila kupima, kwa sababu debe la kufuta ukingoni huwa kama kilo 15 za mahindi, na debe la kilele hukaribia 18, kwa hiyo wauzaji wawili wanaokutajia bei moja ya debe hawakuuzii mzigo mmoja. Tumia mizani.

Kosa langu la mwaka ule lilikuwa unyevu. Mahindi yalikauka kwa nje, yakilia vizuri kwenye kiganja, nami nikaridhika na mlio. Sasa nabeba chupa ya kioo iliyokauka kabisa na chumvi kavu ya mezani kwenye kikaratasi. Najaza mahindi hadi theluthi ya chupa, natia vijiko viwili vya chumvi, naziba, natikisa kwa dakika moja hivi, kisha naiacha itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15 na siyanunui. Ikianguka yote chini, nanunua, lakini siyafungi siku hiyo, kwani mahindi ya kuweka mwaka mzima yanatakiwa yawe na unyevu wa asilimia 13 au pungufu kidogo, na chupa haiwezi kuniambia kama yako 14. Nayaanika siku mbili au tatu nyingine juu ya turubai, nayapepeta, nachambua yaliyovunjika na yenye rangi isiyoeleweka, ndipo nayafunga.

Kuhusu yale yaliyoota ukungu, jirani alinishauri niyaoshe, niyaanike, niwape kuku au nichanganye na mazuri kidogo kidogo. Nilikataa, na ningependa kila anayesoma hapa akatae. Mwaka 2016 watu waliugua na wengine wakafa katika wilaya za Chemba na Kondoa hapa kwetu na Kiteto mkoani Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na mwaka 2004 nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui, walikufa watu 125. Sumu hiyo haiondoki kwa kuosha, wala moto wa kupikia ugali hauiui, na kuku nao inawadhuru. Tulichimba shimo tukafukia gunia zima, mume wangu akitupa udongo bila kuniangalia usoni.

Sasa nahifadhi kwenye mifuko ya kinga njaa, ile yenye tabaka tatu, mifuko miwili ya nailoni nzito ndani na gunia la kawaida nje. Ufundi wake hauna dawa. Wadudu waliofungiwa ndani hupumua hewa iliyopo mpaka ikapungua, wakaacha kula, wakafa. Kwa hiyo kazi yote iko kwenye kufunga. Kabla ya kujaza, napuliza kila nailoni na kuibana nikisikiliza kama inavuja. Nikishajaza, nakamua hewa kwa kulalia mahindi na kifua, nasokota shingo ya mfuko mpaka iwe ngumu kama kamba, naikunja mara mbili, nafunga kwa mpira wa tairi la baiskeli, kisha narudia kwa tabaka la pili na la tatu. Magunia hukaa juu ya kichanja cha mbao, mbali na ukuta, na paka analala mle mle kwa sababu panya mmoja akitoboa nailoni amemaliza habari.

Sasa nirudi kwenye mkono. Kila siku jioni nilikuwa nachota unga kwa bakuli, halafu naongeza konzi moja, kwa kuwa mama yangu alifanya hivyo na kwa kuwa hakuna mwanamke anayetaka ugali upungue mgeni akipiga hodi. Siku moja nilipima konzi ile kwenye mizani ya dukani, ikaja gramu 100. Konzi moja kwa siku kwa mwaka ni kilo 36 na ushee, yaani madebe mawili. Dumuzi akinilia madebe mawili nampigia kelele mtaa mzima! Tangu hapo napima kwa kopo moja tu la bati lenye alama ya msumari ndani, na ukoko unaobaki hurudi asubuhi kama kifungua kinywa. Mgeni akija anahesabiwa, na siku hiyo naandika ukutani kwa chaki. Sina maana kwamba tunawanyima wageni, maana yangu ni kwamba nataka kujua walikula kutoka wiki ipi.

Maswali yanakaribishwa.

MCHANGIAJI KUTOKA TANGA

Shikamoo dada, na ahsante kwa maelezo marefu. Dodoma ni kukavu, kwa hiyo mwenzetu umebahatika. Sisi huku pwani chumvi yenyewe hulowa mezani. Halafu mimi nimepanga chumba kimoja, nina mke na watoto wawili, magunia nitayaweka wapi?

MLETA UZI

Marahaba, kaka yangu. Kwa chumba kimoja usifikirie magunia kabisa, fikiria madumu ya plastiki ya lita 20, yale ya mafuta ya kupikia. Yaoshe kwa maji ya moto na sabuni, yakauke mpaka ndani, kisha jaza nafaka kwa kufinyilia hadi mdomoni, kwa sababu nafasi ya hewa ukiiacha juu umewaachia wadudu pumzi. Weka kipande cha nailoni chini ya kizibo na ukaze. Dumu moja huchukua kama kilo 15, na manne hukaa chini ya kitanda bila mtu kujua.

Kuhusu unyevu wa pwani, jambo linalookoa ni kwamba chombo kisichopitisha hewa hakipitishi unyevu vilevile. Mahindi yakiingia makavu hubaki makavu hata kama chumvi yako inalia mezani. Hatari iko pale unapofungua kila siku. Hata mimi sichoti kwenye gunia. Siku ninayofungua gunia, lote linahamia kwenye madumu siku hiyo hiyo, na kila dumu hutulisha kama siku kumi. Kwenu ningependelea uanze na maharage na mchele kabla ya mahindi, na uepuke kuweka unga kwa muda mrefu. Unga wa dona una kiini cha mahindi chenye mafuta, na kwa joto la Tanga huanza uchungu baada ya wiki chache. Saga kidogo kidogo.

MCHANGIAJI MWENYE MASHAKA

Mkuu, naheshimu juhudi zako, lakini naona umelaza mtaji. Fedha ya magunia matano ukiizungusha kwenye biashara kwa miezi sita, si itanunua magunia saba hata kwa bei ya Februari? Na si kila mtu ana upatu wa kupokea mwezi wa saba.

MLETA UZI

Hoja yako ni ya haki, kaka. Mwenye biashara inayozunguka na asiyeigusa fedha ya biashara kwa ada, kwa msiba na kwa homa ya mtoto, na afuate njia yako. Mimi fedha ikikaa mkononi ina wenyewe wengi. Mahindi yakishafungwa kwa mpira wa baiskeli, hakuna anayekuja kuniazima.

Kuhusu asiyeweza kununua mengi, kuna jambo nililichelewa kuligundua. Tuseme, kwa mfano tu, gunia ni shilingi 60,000 mwezi wa saba na 100,000 mwezi wa pili. Gunia ulilonunua mwezi wa saba ukalila mwezi wa nane halijakuokolea kitu cha maana, kwa sababu mwezi wa nane bei bado iko chini. Gunia lile lile ukilila Februari limekuokolea 40,000. Kwa hiyo mwenye uwezo wa magunia mawili tu asianze kuyala. Ayafunge, aendelee kununua kwa kilo Agosti mpaka Desemba kama alivyozoea, na ayafungue Januari, wakati ada na sare zimemaliza kila kitu na wenzetu wa Kenya wanauita mwezi huo Njaanuari. Kwa nyumba kama yangu magunia mawili ni wiki 20, yaani kuanzia Januari mpaka katikati ya Mei, ambapo mahindi mapya yameanza kuingia sokoni. Nilikuwa nafanya kinyume kwa miaka miwili, nakula akiba wakati wa shibe na kununua wakati wa njaa.

Asiyeweza hata gunia moja aanze na dumu moja la maharage. Kilo 15 za maharage ni siku 30 za mboga kwa watu sita.

MCHANGIAJI, MAMA WA SHINYANGA

Mwanangu, umesema vizuri juu ya nafaka, lakini watu hawali ugali kwa chumvi. Sisi Usukumani mboga za kiangazi tunazianika wakati wa mvua. Majani ya kunde tunayachemsha kidogo, tunayaanika, tunayaita nsansa, na mwezi wa kumi tunayapika kwa karanga za kutwanga. Viazi vitamu navyo vikiiva vingi shambani havingoji mtu. Ukivimenya na kuvikata vibichi ukavianika unapata michembe, na ukivichemsha kwanza ndipo uvikate na kuvianika unapata matobolwa, ambayo watoto huyala hata bila kupikwa tena, kama pipi. Michembe naichemsha na karanga asubuhi, na siku hiyo hakuna anayeuliza mkate.

MLETA UZI

Shikamoo mama. Siku zangu mbili zisizo na mahindi zinategemea michembe, na sikuitaja kwa kuwa nainunua, sijaitengeneza kwa mkono wangu. Nyongeza ndogo tu kutoka upande wetu: majani nayaanika kivulini penye upepo, juu ya chandarua cha zamani kilichooshwa, kwa sababu jua kali huyafanya meupe, na yakishapauka yamepoteza sehemu kubwa ya vitamini A ambayo ndiyo sababu ya kuwapa watoto. Kuhusu karanga, sumukuvu huzipenda kama inavyopenda mahindi, kwa hiyo zilizosinyaa, zenye rangi nyeusi au zenye ladha chungu zitupwe, zisitwangwe kwa sababu tu ya huruma. Dagaa wa Mwanza naanika upya siku moja hata kama nimeambiwa ni wakavu, kisha nafungia kwenye ndoo yenye mfuniko.

MCHANGIAJI MWINGINE

Dada, mimi tatizo langu ni maharage. Nilihifadhi debe tatu, wadudu hawakuingia, lakini baada ya miezi minane hayaivi. Nimemaliza mkaa wa wiki kwa sufuria moja. Pili, vile vidonge vya kufukizia gunia vina ubaya gani? Muuzaji aliniambia kimoja kinatosha gunia zima.

MLETA UZI

Nianze na vidonge kwa sababu ni suala la uhai. Vidonge hivyo vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi inayoua wadudu, na gesi hiyo hiyo huua mtu aliyelala. Havina nafasi ndani ya nyumba wanamoishi watu, wala kwenye chumba kilichopakana na chumba cha kulala, kwa kuwa gesi hupita chini ya mlango na kwenye nyufa. Kazi hiyo ni ya maghala na watu waliofunzwa. Kama huna mifuko ya tabaka tatu na ni lazima utumie dawa, muulize afisa ugani juu ya dawa ya unga iliyosajiliwa kwa nafaka ya chakula, ufuate kipimo na siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti.

Maharage yaliyokaa mahali penye joto huwa magumu hata yakiwa mazima, ganda na ndani pia. Kwa hiyo chombo cha maharage nakiweka sehemu yenye ubaridi kuliko zote, na kwetu ni sakafuni nyuma ya pipa la maji, si juu ya kabati chini ya bati. Pili, maharage hatungoji mwaka: yaliyonunuliwa Agosti yaliwe kabla ya yaliyonunuliwa Oktoba, na kila dumu lina tarehe kwa kalamu ya wino mzito. Yaliyokwisha kuwa magumu nayaloweka tangu jioni, namwaga maji yale, nachemsha kwa maji mapya na magadi kidogo. Magadi nikizidisha chakula huwa na ladha ya sabuni na watoto wanagoma, kwa hiyo ni ncha ya kijiko.

Mkaa nao uhesabiwe ndani ya bei ya chakula, jambo ambalo wengi hatulifanyi. Natumia jiko kapu: kikapu kilichojazwa vitambaa vinavyobaki kwenye cherehani, na mto wa kufunikia nilioujaza vitambaa hivyo hivyo. Maharage yaliyolowekwa huchemka motoni nusu saa, na yasipungue dakika kumi za kutokota kwa nguvu, kwa sababu maharage mabichi yana sumu inayosokota tumbo na isiyokufa kwa joto dogo. Kisha sufuria inaingia kapuni saa nne asubuhi, na saa nane mchana nakuta yameiva au yamebakiza dakika chache. Makande nayo nayapika hivyo hivyo, mahindi yakiwa yamekobolewa, na ndiyo chakula ninachokipenda kuliko vyote kwenye hesabu zangu, kwa kuwa mahindi na maharage yakikutana kwenye sufuria moja kila kimoja huziba upungufu wa protini wa mwenzake, na hakuna mboga ya kununua siku hiyo zaidi ya kitunguu.

MCHANGIAJI KUTOKA TANGA

Nimeelewa, dada. Swali la mwisho: sembe au dona? Mke wangu hataki kusikia dona.

MLETA UZI

Gunia likikobolewa, karibu robo yake hubaki mashineni kama pumba, na mwenye mashine huichukua akicheka. Kwa magunia matano hiyo ni zaidi ya gunia zima uliloligharamia wewe. Mimi nilianza kwa kuchanganya, makopo matatu ya sembe na moja la dona, nikawa naongeza dona kila mwezi bila kumtangazia mtu. Mwanangu wa pili aligundua mwezi wa tatu. Alisema ugali wa siku hizi unachelewa kuisha tumboni, akaomba maji, akaenda zake kucheza.